Jiwe la Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Julai 1995

Daftari hili ni la mizani. Niliondoka nalo kinuni siku walipotuita mmoja mmoja na kutukabidhi barua, na sijuti. Lina safu ya jina la mkulima, safu ya uzito na safu ya sahihi. Leo naanza kuliandika kwa jambo langu na safu zao sizifuati.

Mimi ni Mihayo, umri miaka thelathini na saba, karani wa mizani kwa miaka kumi na minne kwenye kinu cha kuchambua pamba. Sina kazi tangu Februari. Soko huria, walisema. Sasa kila mnunuzi anakuja na mizani yake iliyolegea, mkulima mwenye kilo hamsini anaambiwa arobaini na tatu, na akilalamika anaambiwa apeleke kwingine. Nyani haoni kundule. Wakati wangu jiwe la kupimia lilikuwa na muhuri wa serikali, na penye muhuri hapakuwa na mjadala.

Ukutani pale sokoni Mabatini wamebandika tangazo. Kiwanda kipya cha minofu ya sangara kinaandaa marathoni, Jumapili tarehe 24 Septemba, kutoka Mkolani kuelekea Misungwi na kurudi. Mkazi wa kanda hii atakayemaliza chini ya saa mbili na dakika arobaini ataingia timu ya kiwanda na kupewa ajira ya kudumu. Mwaka 1984, nikiwa na timu ya kinu, nilitumia saa mbili, dakika arobaini na moja na sekunde nane. Nazitaka zile sekunde sitini na nane, na naitaka hiyo ajira.

Jumanne, 4 Julai

Teodora, mke wangu, ameniambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kisha akaendelea kukaanga mapanki yake. Nyumba nzima inanuka mifupa ya sangara. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na vichwa na miiba, na watu wanapanga foleni kuinunua kwa furaha.

Alhamisi, 6 Julai

Nimepata pa kupimia. Mawe ya kilomita barabarani mengi yamezikwa na greda lililopanua mitaro mwaka jana, lakini jiwe la 12 limebaki hapa Mkolani, na jiwe la 18 lipo kule mbele karibu na mashamba, jeupe, namba yake inasomeka. Kilomita sita kamili. Kwenda na kurudi ni kumi na mbili. Ukienda na kurudi mara tatu, ukaongeza safari moja ya kwenda, umemaliza arobaini na mbili. Sihitaji mtu wa kunipimia.

Kwenye jiwe la 18 nasimama kwa pumzi moja, naligusa kichwani, nasoma saa yangu ya mkono, naandika muda kwenye kijitabu, nageuka. Leo kwenda: dakika ishirini na tano na nusu. Aibu.

Jumatatu, 10 Julai

Nimepata mwenzangu wa mazoezi, ingawa sikumtafuta. Anaitwa Otuoma, Mjaluo wa Shirati, anabeba barafu mwaloni, kule samaki wanakoshushwa. Ana miaka ishirini na sita na miguu mirefu kama ya korongo. Jumamosi hakimbii kwa sababu ni Msabato. Anakimbia huku midomo inachezacheza, nikadhani anasali. Kumbe anahesabu hatua.

Ijumaa, 14 Julai

24:10. Vumbi.

Jumanne, 18 Julai

Pale jiwe la 18 kuna watu wawili, nao nimekwisha kuwapima.

Mmoja ni bibi kizee. Hukaa kwenye kigoda mlangoni kwake, hatua thelathini toka kwenye jiwe, ananikazia macho tangu natokea mpaka napotea. Ana sura ya mtu anayekutakia uanguke. Simwamkii. Nina sekunde za kuhesabu, na macho yale hayaombi salamu.

Wa pili ni Bwana Mashimba, mwenye shamba la upande wa pili wa jiwe, mtu wa makamo, ana ng'ombe wengi na ana adabu. Alinikuta nikiandika kwenye kijitabu, nimevaa kofia yangu ya kinu yenye nembo, akavua ya kwake. Leo kaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ameniita mheshimiwa. Katika watu wote wa barabara hii ndiye peke yake anayejua thamani ya mtu anayefanya kazi yake kwa utaratibu.

Jumapili, 23 Julai

Teodora kaniuliza kama nitakwenda kanisani. Nilikuwa nimekwisha kimbia kilomita ishirini na nne. Nililala mpaka saa nane.

Jumatatu, 31 Julai

Leo nimeachana na Otuoma, na nimeachana naye vizuri.

Tulifika kwenye jiwe kwa 22:50. Nilifurahi. Yeye hakufurahi. Alisimama akiangalia lami nyuma yetu, kisha akaniambia, kwa upole ule wake unaoudhi, "Kaka Mihayo, hii sita yako ni fupi."

Nikamwuliza fupi kwa nani. Akasema jeshini, JKT, walimfundisha kuhesabu hatua, na kwa hesabu yake hapa kunapungua hatua mia tatu na kitu, amehesabu wiki tatu hesabu inakuja ileile. Nikamwambia serikali ilileta wahandisi wakapima kwa vyombo, yeye kaja na miguu ya kubebea barafu. Akasema labda greda. Nikamwambia labda wivu. Anaona mzee wa miaka thelathini na saba anamkaribia, sasa anataka kuniingiza wasiwasi niongeze mwendo nijiumize kabla ya Septemba. Nilimwambia mengine pia, juu ya watu wa kwao, ambayo siyaandiki hapa.

Alikunja mikono ya fulana yake, akarudi mjini kwa miguu, hakukimbia. Bibi kizee alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye kigoda chake. Mashimba kaniletea maziwa, akauliza kama yule kijana alikuwa msaidizi wangu na kama nimemfukuza kazi. Nikacheka. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 3 Agosti

Peke yangu. 22:55. Tulivu.

Jumatano, 9 Agosti

Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, kila moja linaahidi mambo. Moja limenirushia karatasi usoni nikiwa kwenye mlima. Vyama vingi, vumbi lilelile.

Jumatatu, 14 Agosti

Mashimba ana maswali siku hizi. Kauliza kama mwakani tutaendelea kuja. Nikamwambia Mungu akipenda. Kauliza kama kile ninachoandika kinapelekwa mjini. Nikamwambia kinakaa kwangu mpaka siku ya siku. Akatikisa kichwa kwa heshima, akanifungia na mahindi mawili ya kuchoma. Laiti bosi wetu wa kinuni angekuwa na nusu ya staha hii.

Bibi kizee naye yupo palepale, macho yaleyale. Leo nimepita nikatema mate upande wake wa barabara. Sikukusudia. Sikusikitika pia.

Jumamosi, 19 Agosti

Teodora ananitengea chakula kabla ya watoto. Sikumwomba. Nimemwambia mapanki yananipa kiungulia, akasema basi nikaombe minofu kiwandani.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimekimbia mbio nzima. Nilianza jiwe la 12 kabla jua halijatoka. Mara tatu kwenda na kurudi, mara ya nne kwenda, nikamalizia na hatua mia mbili mbele ya jiwe la 18. Saa mbili, dakika thelathini na nane, sekunde hamsini. Nimeitazama saa mpaka Mashimba akadhani naumwa.

Nimeziweza. Nikiwa na miaka thelathini na saba, bila timu, bila viatu vya maana, kwa maziwa ya mgando na hasira. Ningemkuta Otuoma njiani ningemwonyesha hii saa. Nimemwonyesha Teodora. Aliisoma, akaninawisha miguu kwa maji ya chumvi.

Ijumaa, 1 Septemba

Joto limeanza. Lami inanata.

Jumapili, 10 Septemba

Nimesikia Otuoma anafanya mazoezi Nyegezi, juani, saa saba mchana. Mwehu.

Jumamosi, 23 Septemba

Kesho. Nimepaka mafuta ya mgando kwenye kidonda cha kisigino. Nimeandika muda wa kila kilomita sita kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Sihofii kitu chochote.

Jumatatu, 25 Septemba

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo nitaandika yote, kwa kuwa nimezoea kuandika uzito hata pale ambapo gunia ni la mawe.

Tulipangwa saa kumi na mbili. Mgeni rasmi alifika saa tatu, akahutubia. Tukaachiwa saa tatu na dakika arobaini jua likiwa tayari limepanda. Tulikuwa watu themanini na kitu. Mstari wa kuanzia waliuchora kwenye jiwe la 12, nami nikaona hiyo ni baraka. Waandaaji walikuwa wamepima kwa gari na kusimika nguzo za miti zenye namba nyekundu kila kilomita sita. Otuoma alinipa mkono. Niliupokea kwa vidole viwili.

Nilikimbia kama nilivyojifunza, si haraka wala polepole. Nguzo sikuzijali, nilikuwa na jiwe langu. Nikafika jiwe la 18, nikatazama saa: 22:30. Barabara. Nikatafuta nguzo ya 6.

Haikuwepo. Ilikuwa mbele. Nilikwenda, nikakwenda, ikabaki mbele, nilipoifikia saa ilisoma 24:05. Nikamfokea mwandaaji aliyekaa chini yake. Nilimwita mwizi. Nilimwambia wameiba kama wanavyoiba wanunuzi wa pamba, kwamba wamesogeza nguzo ili ajira isipate mtu. Alinitazama akiwa ameshika jagi la maji.

Kuanzia hapo nilikimbia kwa hasira. Nilitaka kuzirudisha zile dakika kwa nguvu, nami nikazirudisha. Kwenye kugeuza, nusu ya mbio, nilisoma saa moja, dakika kumi na tisa na sekunde arobaini. Nilicheka kwa sauti. Wenye nguzo zao za wizi nimewashinda hivyohivyo.

Kwenye kilomita ya ishirini na saba miguu ikaacha kuwa yangu. Jua lilikuwa utosini. Lami ilivuta viatu. Kwenye ishirini na tisa nikasikia hatua nyuma yangu na midomo inayohesabu, Otuoma akanifikia. Hakunipita mara moja. Alikimbia kando yangu labda dakika moja, akanimwagia kichwani maji ya kopo lake, akasema, "Punguza, kaka. Fika tu." Kisha akaondoka, mgongo wake ukawa mdogo, ukaisha. Nilimchukia kwa yale maji kuliko nilivyomchukia kwa jambo lolote.

Nguzo ya 36 niliipita nikitembea. Mbele kidogo likatokea jiwe langu, jeupe, nikaona lazima nilishike. Nikalishika, nikatapika kando yake, nikalikalia.

Bibi kizee akaja. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa amesimama. Alikuwa na ndoo, akanimiminia maji yote kuanzia kichwani, taratibu, mpaka yakaisha. Nikangoja anicheke. Akasema:

"Sasa inuka. Umekalia mpaka wangu."

Nilisikia. Sikuinuka. Nilimtazama, nikalitazama jiwe chini yangu, kisha nikatazama nyuma, kule ilikosimama nguzo yao ya 6. Hatua mia tatu na kitu. Dakika nne hivi nilikaa pale, na katika hizo dakika nne nililihesabu kila neno nililomwambia Otuoma tarehe 31 Julai, pamoja na yale nisiyoyaandika.

Nilimaliza. Saa mbili, dakika hamsini na tisa, sekunde kumi na mbili. Otuoma alitumia saa mbili, dakika thelathini na tisa, sekunde thelathini na moja. Yeye peke yake ndiye aliyeingia chini ya arobaini. Walikuwa wanampiga picha.

Teodora alikuwa kwenye kamba ya kumalizia, na khanga mkononi. Sikujua kama atakuja.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimeazima kamba ya mita hamsini ya fundi ujenzi, nikapima peke yangu, jiwe kwa jiwe, kutoka asubuhi hadi saa sita. Kilomita tano, mita mia tano na tisini. Zinapungua mita mia nne na kumi. Nimepima mara mbili. Ile saa mbili na thelathini na nane ya Agosti haikuwahi kuwepo. Karani wa mizani miaka kumi na minne, nimejipunja mwenyewe msimu mzima na kujipongeza.

Nilikwenda kwa bibi kizee na maneno tayari mdomoni. Nilipofika mlangoni kwake kinywa kikakataa, kikatoa mengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miezi mitatu unapita, nikajua serikali haina mdomo."

Anaitwa Selina. Ameniketisha akanieleza bila haya hata kidogo. Mashimba ni shemeji yake. Tangu mumewe afe, kila msimu wa kulima jembe la ng'ombe la Mashimba linavuka mpaka hatua mbili au tatu, na kila akishtaki wazee wa kijiji wanasema waelewane, ni ndugu. Miti ya mpaka inang'olewa. Minyaa inafyekwa. Mwaka jana greda lilitupa jiwe la kilomita mtaroni, na wakati ule Mashimba alikuwa Sengerema kwa mke mdogo. Selina akaazima punda, akalifunga kamba, akaliburuta mpaka pale mpaka wake unapokutana na barabara, akachimba, akalisimika. Watu wanang'oa mti. Jiwe lenye namba ya serikali hakuna anayelithubutu.

Nikamwambia Mashimba si mjinga, angejua. Akasema alikuwa ameanza kujua. Mwezi wa sita alikuwa anapita pale na kulisukuma kwa mguu.

"Kisha ukaja wewe," akasema. "Una kofia, una kijitabu. Kila asubuhi unaligusa, unaandika, unarudi mjini. Akaacha kulisukuma, akaanza kukuletea maziwa."

Nikamwuliza kwa nini alikuwa ananikazia macho vile. Akasema alikuwa anaogopa siku moja nisije.

Ijumaa, 29 Septemba

Nimekwenda mwaloni. Ilikuwa siku ya mwisho ya Otuoma kubeba barafu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa yote, hata kwa ya watu wa kwao. Akasema alikwisha sahau. Hakusahau, ila ametaka niondoke na kitu. Nimemweleza habari ya jiwe, akaguna, akauliza zinapungua ngapi. Mia nne na kumi, nikasema. Akahesabu kwa midomo, akafurahi kwamba hakukosea.

Jumanne, 3 Oktoba

Barua kwa idara ya barabara nimeiandika na kuichana. Nilitaka kuwaarifu kwamba jiwe la 18 limehamishwa. Ni kosa, na mimi kosa la kipimo nimelichukia maisha yangu yote. Kuna watu watadanganyika. Nimeshindwa kumpata hata mmoja zaidi yangu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimembebea Teodora ndoo ya mapanki hadi Mabatini. Nikamwambia ina kilo kumi na nane. Mwenye mizani ya duka akaipima, kumi na nane kamili. Teodora kacheka, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha juzi usiku. Leo asubuhi nimevaa kofia ya kinu, nikachukua kijitabu, nikakimbia.

Nilipofika, Mashimba alikuwa shambani na jozi mbili za ng'ombe, anakata tuta la kwanza sambamba na mpaka. Selina alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Ng'ombe walikuwa wanakuja moja kwa moja kuelekea kwenye jiwe. Mashimba aliponiona akawasimamisha. Kibuyu hakuwa nacho. Nadhani amesikia kuwa nilikimbia tarehe 24 na namba kifuani kama watu wengine, na mpimaji wa serikali hakimbii na namba kifuani.

Akaja mpaka barabarani. Safari hii hakuvua kofia.

"Hebu niambie ukweli, bwana," akasema. "Hili jiwe ni halali mahali pake?"

Kwa miaka kumi na minne sikuwahi kuongeza wala kupunguza robo kilo. Wakulima walikuwa wakibishana kinuni wanasema, twende kwa Mihayo, Mihayo hasemi uongo. Niliweka mkono juu ya jiwe. Lilikuwa bado lina ubaridi wa mvua.

"Ni la serikali," nikamwambia. "Nalikagua mwenyewe."

Nikafungua kijitabu mbele yake nikaandika. Alinitazama nikiandika mpaka nikamaliza. Kisha akarudi kwa ng'ombe wake, akawageuza, hatua moja kabla ya jiwe.

"Shikamoo, mama Selina," nikasema.

"Marahaba. Kesho?"

"Kesho nipo."

Nikaendelea mbele, mita mia nne na kumi, mpaka pale nguzo yao ilipokuwa, ndipo nikageuka.